Vidole Kumi vya Fundi wa Springi

Fundi wa springi alikuwa na vidole kumi, na jambo hilo lilimharibia kazi kwa miaka mingi.

Naandika mwenyewe, kwa mkono wangu, ingawa shule niliiacha darasa la pili baada ya kuona kwamba mwalimu naye anakuja kwa miguu. Niliingia Dar es Salaam na shati moja. Nikasukuma mkokoteni wa mtu Kariakoo, nikanunua wangu, nikanunua wa pili, na kufikia katikati ya ile miaka ya hamsini nilikuwa na pikapu, na nyumba Magomeni, vyumba sita, bati juu, gereji ubavuni. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili ijulikane kwamba anayeeleza habari za Fundi ni mtu anayeijua kazi akiiona.

Kwa wasiojua: miaka ile maduka makubwa ya Uhindini yalikuwa na milango ya bati inayojikunja juu, na matajiri wenye motokaa walikuwa na milango ya gereji inayopanda mpaka darini. Anayeinua mlango kama ule hudhani ana nguvu. Hana. Juu ya mlango kuna bomba la chuma, na bomba hilo limevikwa springi nene kama mkono, iliyokazwa mpaka inatetemeka. Hiyo ndiyo inayoinua. Ikikatika, mlango ambao bibi kizee aliuinua jana akiwa na kikombe cha chai mkono wa pili, leo wanaume wanne wanausukuma na kutukanana. Hapo ndipo anaitwa Fundi.

Kukaza springi mpya ni kazi ya kueleza kwa maneno machache. Mwisho wa springi kuna kitu kama kikombe cha chuma, kina matundu manne. Unachomeka nondo tundu moja, unaivuta robo ya mzunguko, unaishikilia. Unachomeka nondo ya pili tundu linalofuata. Ndipo unaitoa ile ya kwanza. Robo kwa robo, mpaka thelathini. Ukitoa ya kwanza kabla ya pili haijaingia, springi inajifungua yenyewe kwa mara moja, na kilichokuwa karibu kinaondoka nayo. Basi, kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Fundi alikuwa na desturi moja. Kila nondo ilipoingia tunduni, alisema kwa sauti, "Imeingia." Hapo ndipo mkono wa pili ulipotoa nyingine. Thelathini nzima, "Imeingia, imeingia," sauti nzito ya kukwaruza kama mtu anayesogeza kabati. Wapita njia walicheka. Walidhani anajipongeza.

Sasa habari ya vidole. Nilikuwepo, nimepeleka marobota ya khanga kwa mzee mmoja wa Kihindu mwenye duka la vitambaa, mtu mpole, mwenye miwani. Mlango wake ulikuwa umekwama nusu, wateja wanaingia wameinama kama wanaokwenda kuomba msamaha. Fundi akafika na baiskeli. Yule mzee akamwambia:

"Fundi, hebu nione mikono."

Fundi akainyoosha. Mzee akaigeuza huku na huku, kama anayekagua pindo la khanga.

"Kazi hii umeifanya miaka mingapi?"

"Mingi."

"Mbona vidole vyote vipo?"

"Ndivyo navyofanyia kazi."

"Yule mwenzako wa mtaa wa Gerezani vitatu vimekwenda. Yule anaijua springi."

"Springi ndiyo inayomjua yeye," Fundi akasema.

Mzee akafikiri, kisha akamwita yule wa Gerezani. Na hakuwa peke yake, mji mzima uliwaza hivyo. Fundi wa umeme asiyewahi kurushwa, fundi seremala asiye na kovu, watu waliwaogopa kama wanavyoogopa daktari kijana. Yule wa Gerezani baadaye akapoteza cha nne, na wateja wakaongezeka.

Mimi mwenyewe, sifichi, nilicheka na wenzangu. Kariakoo nilimtangaza kwamba ni mwoga. Nilikuwa mtu wa kusikilizwa Kariakoo, kwa hiyo habari ilienea vizuri.

Sababu kubwa ya kumwita mwoga ilikuwa hii: Fundi hakugusa springi mpaka nyumba iwe tupu. Akifika, kabla ya kushusha ngazi, alikuwa anauliza, "Ndani kuna nani?" Basi waliomo wakatajwa mmoja mmoja, wakatoka mmoja mmoja, wakakaa barazani mwa jirani, na yeye akawahesabu. Nyumba ya Kariakoo yenye wapangaji vyumba sita, hebu fikiri. Anayekaanga maandazi anasema mafuta yameshachemka. Fundi anasubiri maandazi. Mwingine anaoga. Anasubiri. Kwa yule mzee wa vitambaa, mzee alipokuja kumrudia Fundi mwishowe, bibi wa nyumba alikuwa ghorofani kwenye maombi yake. Fundi alikaa kizingitini tangu asubuhi mpaka bibi akamaliza, akashuka, akamletea chai kwa kumhurumia.

Kuna mpangaji mmoja, mzee wa zamani, aligoma. "Mimi nimekaa chumba hiki tangu vita vya Mjerumani. Sitolewi na mlango."

"Sawa, mzee wangu," Fundi akasema. Akavua viatu, akaingia chumbani kwake, akaketi mkekani, akaanza kumweleza aina za grisi. Ile ya kopo jekundu, ile ya kopo la njano, ile inayoganda wakati wa baridi huko Ulaya. Haikufika saa moja mzee akatoka mwenyewe, akaenda kukaa mbali kabisa, kwenye kivuli cha msikiti.

Hata paka alimtoa. Nilimwona kwa macho yangu akimngoja paka.

Mtu mwoga namna hii, ungedhani anaishi kwa tahadhari. Hapana. Baiskeli yake haikuwa na breki. Si breki mbovu, haikuwa nayo, alishaing'oa kwa sababu ilikuwa inapiga kelele. Alishuka nayo mtaa wa Msimbazi katikati ya mikokoteni na wauza maji, ngazi begani, nondo zimefungwa kwenye bomba la katikati, akizuia kwa kisigino cha kandambili. Alikuwa akibadilisha kandambili ya kulia kila mwezi, ya kushoto ilidumu. Siku moja nikamwambia:

"Fundi, wewe springi unaiogopa, baiskeli huiogopi?"

"Baiskeli nikianguka naanguka mimi, Bwana Pikapu."

Aliniita hivyo tangu niliponunua gari. Wengine waliniita kwa heshima, yeye kwa jina hilo, na nadhani hakuona tofauti.

Alikuwa na mambo mengine yasiyopendeza, na sitayaficha kwa kuwa ameshafariki. Alikuwa mbishi. Feri, soko la samaki, walimjua: alifika asubuhi, akachagua changu mmoja, akambishia mvuvi mpaka mvuvi akamwomba ampe bure aondoke, naye akakataa, akasema hapendi vya bure, akaanza bei upya. Alikuwa na umri wa namna tatu: mmoja kwa vijana, mmoja kwa wanawake, mmoja kwa wazee wenzake. Sindano aliiogopa kuliko kifo, akiumwa alijitibu kwa pilipili. Na sifa hakutoa. Miaka yote ile sikumsikia akimwambia mtu "vizuri." Ukifanya jambo la maana sana alisema "haya." Mimi, ambaye Wahindi wazito waliniambia bwana wewe ni hodari, kwake nilipata "haya" mbili. Nazikumbuka zote.

Ya kwanza ilitokana na ujinga wangu, na ni lazima niieleze.

Nyumba moja Uhindini ilikuwa inabomolewa, nikanunua mlango wa gereji mzima, mbao na vyuma vyake na springi yake, nikaupeleka Magomeni kwa pikapu. Ulikuwa mlango wa kwanza wa namna hiyo mtaani kwetu, na pengine Magomeni nzima, sijasikia mtu akibisha. Seremala wangu akaufunga. Ikabaki kukaza springi. Mke wangu, Mama Mwanaidi, akasema tumwite Fundi.

"Aje atutoe nje ya nyumba yangu mwenyewe?" nikasema. "Watu wote wananitazama nimekaa barazani kwa jirani kama niliyefukuzwa? Nitakaza mwenyewe."

Sikuwa na nondo za saizi ile, nikachukua bisbisi mbili ndefu. Sikuwa na ngazi ya kusimama kando, nikasimama kwenye kigoda, mbele ya springi, uso kwa uso. Nilikwenda robo tisa. Naomba hiyo ikumbukwe, robo tisa kwa bisbisi, wengi hawafiki mbili. Ya kumi, bisbisi ikateleza.

Sikuona kitu. Nilisikia mlio kama karai kubwa limeanguka juu ya sakafu, nikajikuta chini, kifundo cha mkono kimeanza kuvimba. Nyuma yangu kulikuwa na mlango mdogo wa kuingilia ndani ya nyumba. Bisbisi ilikuwa imejikita kwenye fremu ya mlango ule, imezama nusu, usawa wa uso. Na Mama Mwanaidi alikuwa amesimama hapohapo na sinia ya chai, kwa sababu sikumwambia asije. Kati ya uso wake na bisbisi hapakuwa na nafasi ya kupitisha kiganja.

Akaitazama. Akanitazama.

"Baba Mwanaidi," akasema, "niichomoe, au bado unaitumia?"

Halafu akaweka sinia chini, akavaa ushungi, akaenda Kariakoo kwa miguu kumwita Fundi. Hakunisemesha mpaka siku ya tatu.

Fundi alipofika hakuuliza mkono wangu unaendeleaje. Aliitazama ile fremu.

"Alikuwa amesimama nani?"

"Mke wangu."

"Alijua unakaza nini?"

Nikakitazama kigoda.

"Wewe umeuchagua mkono wako, sawa. Uso wake kakupa nani ruhusa?"

Hakuna mtu aliyewahi kusema nami hivyo nyumbani kwangu. Nilitafuta jibu, na mimi kwa kawaida sikosi. Siku ile nilimletea kiti.

Nilidhani atakaza springi aondoke. Badala yake akaniambia mtu aliyejaribu mara moja atajaribu tena, kwa hiyo bora ajue. Jumapili tatu mfululizo alinikalisha chini kwenye sakafu ya gereji yangu na springi iliyokufa, isiyo na nguvu yoyote, nachomeka nondo, nasema "Imeingia," natoa nyingine. Nisiposema, ananirudisha mwanzo. Nikisema kabla haijaingia, ananirudisha mwanzo, na mara hiyo anatukana kidogo. Mlango kwanza uwe chini na umebanwa kwa vibano pande zote mbili. Nondo ziwe zinajaa tundu, zisicheze. Simama kando, springi isikuone. Nyumba iwe tupu. Jumapili ya tatu, mkono umepona, akanipandisha ngazi nikakaza springi ya kweli, robo thelathini, yeye ananitazama. Nikashuka nimelowa jasho.

"Haya," akasema.

Tangu siku hiyo niliacha kumwita mwoga. Kariakoo nilijaribu kuirudisha ile habari niliyoieneza, lakini habari ikishatoka hairudi kwa urahisi. Walisema tu kwamba amenihonga chai.

Mwishoni mwa miaka ile ndipo nilipoanza kuyashuku macho yake. Nikimwamkia shikamoo alisubiri nimalize salamu yote ndipo aseme marahaba, kama anayetafuta sauti ni ya nani. Feri akawa anachagua samaki kwa pua na vidole. Siku moja alikuja kwangu, akaliuliza shati langu lililoanikwa uani kama mwenye nyumba yupo. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni kwenye kiti. Nikajibu kwamba yupo.

Akaigeukia sauti yangu, akanisalimu kama ndiyo kwanza amefika. Lakini nilielewa kilichokuwa kinamkabili. Mtu anayeona vibaya hawezi kukaza springi, siku moja itamchukua. Na akiacha, watu wakijua sababu, jina lake lote linapinduliwa. Watasema, kumbe! Kumbe kule kutoa watu nje na kumngoja paka ni kwa kuwa hakuwa anaona. Kazi ya maisha mazima itaitwa upofu, na waliocheka watakuwa walikuwa na haki. Alihitaji kuacha, na alihitaji kuacha kwa jina zuri, na kila mlango aliokwenda kuutengeneza ulikuwa unampunguzia nafasi ya hayo mawili.

Mara ya mwisho ilikuwa kwangu. Springi yangu ilikatika asubuhi moja, nyumba ikatikisika. Ningeweza kuibadilisha mwenyewe, kila mtu anajua hivyo. Lakini kumpita Fundi ingekuwa kumtangaza, kwa hiyo nikampelekea habari.

Akaja kwa miguu. Baiskeli, alisema, ameiuza. Akauliza, "Ndani kuna nani?" Wapangaji wangu wakatoka, Mama Mwanaidi akatoka na watoto, wakavuka barabara wakakaa kwenye baraza ya fundi cherehani, ambaye hakuwahi kunipenda tangu nilipojenga. Fundi akawahesabu kwa kuwaitisha majina, kila mmoja akaitika. Nikaanza kutoka na mimi.

"Wewe baki," akasema. "Panda ngazi ile ya pili, uangalie."

Hakuwahi kumwambia mtu hivyo. Nikaona ni heshima, nikafunga mlango mdogo nyuma yangu, nikakunja mikono ya shati, nikapanda.

Alibana mlango, akavisha springi mpya, yote kwa kupapasa, na vizuri kabisa. Akaanza. Imeingia. Imeingia. Mikono yake haikutetemeka, na mimi nikaanza kujiona mjinga kwa wasiwasi wangu. Robo ya kumi na tisa, akavuta nondo ya kwanza, akaishikilia, akapeleka ya pili. Ncha yake ikagusa mdomo wa tundu, ikakaa pale ukingoni.

"Imeingia," akasema. Na vidole vya mkono wa pili vikaanza kulegea.

"Bado," nikasema.

Vidole vikakaza palepale. Mimi niliyezoea kupiga kelele sokoni, neno hilo nililitoa kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayemwambia mkwewe kwamba nguo yake imefunguka. Wala mimi wala yeye hatukupumua. Springi yote ilikuwa imening'inia kwenye mkono mmoja wa mtu wa umri ule.

"Iko wapi?" akauliza.

"Kushoto kidogo. Shusha. Hapo, sukuma."

"Imeingia?"

Hakuwahi kuliuliza neno hilo.

"Imeingia."

Akashusha pumzi. Akasema, "Shika zote mbili." Nikashika. Akashuka ngazi polepole, akitafuta kila kipandio kwa kidole cha mguu, akasimama chini akifuta mikono kwa kitambaa.

"Bwana Pikapu, humu ndani bado kuna mtu hajatoka."

"Nani, Fundi?"

"Mimi."

Akatokea mlango mdogo, akaenda uani, ambako wale wa ng'ambo ya barabara hawawezi kumwona. Nikabaki na robo kumi na moja. Nikachomeka, nikanong'ona, "Imeingia."

"Sema kwa sauti!" akafoka kutoka uani.

"Watasikia si wewe!"

"Wasikie. Asiyesema husahau."

Basi nikasema kwa sauti, ila kwa sauti yake, nzito ya kukwaruza, nikiisogeza kama kabati. Mara kumi na moja. Nikakaza bolti, nikatoa nondo, nikafungua vibano. Nikamfuata uani, nikamwambia tayari. Akaingia, akapapasa springi kutoka mwanzo hadi mwisho, akakipigapiga kikombe kwa ukucha akasikiliza.

"Haya," akasema.

Akainama, akaukamata mlango, akauinua kwa mkono mmoja mpaka juu. Jua likaingia. Ng'ambo ya barabara wote wakasimama, na kitu cha kwanza walichoona ni yeye, katikati, mlango ukiwa juu ya kichwa chake umetulia kama uliozaliwa pale. Wapangaji wakapiga makofi. Hata fundi cherehani akasema, "Mzee ni fundi, tusibishane."

"Na hii ndiyo ya mwisho," Fundi akawatangazia, uso wake umeelekea kati ya mtu na mtu. "Nimechoka kupanda ngazi. Springi zenu sasa mtafuteni mwingine."

Wakamsihi. Akabisha, kama kawaida yake, na akashinda. Mama Mwanaidi alikuwa ameshavuka barabara. Alitazama mikono ya Fundi, ambayo aliifuta na ikafutika, halafu akatazama yangu, grisi mpaka kwenye viwiko, na jasho limelowesha shati. Akawaita watoto waingie ndani. Fundi cherehani naye hakuweza kuiacha siku ipite hivihivi.

"Na wewe, tajiri!" akanipigia kelele ili mtaa wote usikie. "Mzee wa watu anafanya kazi peke yake, wewe umebaki humo ndani unafanya nini?"

Wakacheka wote. Wakaningoja nijibu, maana wananijua. Nikaiweka mikono nyuma.

"Nilikuwa nimeshika ngazi," nikasema.